Maksai wa Baba na Fremu ya Baltazari

Kama wiki iliyopita hukunisoma usihangaike, nakupa kwa kifupi. Mimi ndiye Flavian, yule aliyemaliza fomu foo akakataa kurudi shamba Kasense, akafungua saluni ya kunyoa pale Katandala. Umeme ukaja kwa kishindo, ukaunguza mashine zangu zote. Nikafunga. Nikabaki na kioo, kiti, na tumaini moja: laki tatu ya dhamana niliyomwachia mwenye fremu. Nikitoka fremu ikiwa salama, narudishiwa yote. Ndivyo tulivyokubaliana.

Ila ile laki tatu haikuwa yangu. Ilikuwa maksai wa baba.

Baba yangu, mzee Polikarp, alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Ili mimi nipate fremu, mmoja akamweka rehani kwa mzee Yonas, Msukuma mfugaji, jirani yetu kule Kasense. Makubaliano yalikuwa ya mdomo na yalikuwa mepesi: hela irudi kabla mvua ya kwanza haijagusa ardhi. Ikigusa, maksai ni wa Yonas.

Na plau haivutwi na maksai mmoja. Yule aliyebaki alikuwa anazunguka zizini kama mjane.

Sasa niseme kuhusu mwenye fremu. Mzee Baltazari si baba mwenye nyumba tu. Ni msimamizi wangu wa kipaimara. Siku ile askofu ananipaka mafuta, mkono wa Baltazari ndio ulikuwa begani kwangu. Baba mwenyewe alimchagua, walisoma wote mafundisho tangu wadogo.

Niambie wewe unayesoma: unamdai risiti msimamizi wako? Unamwambia, "baba, weka sahihi hapa"? Huku kwetu ukifanya hivyo watu wanauliza kama malaria imepanda kichwani.

Basi sikuandikishana naye kitu. Nikampa hela, akanibariki, tukanywa chai.

Saluni ilipokufa, nikaenda kurudisha funguo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula baba. Nimeleta funguo. Fremu nimeshaifagia, nimepiga deki na mlango nimeufuta."

"Mtoto mwenye adabu," akasema. "Twende tukaiangalie. Utaratibu tu, mwanangu, usinifikirie vibaya."

Tukaingia. Akasimama katikati, mikono nyuma, akatazama juu.

"Silingi bodi imetobolewa. Nakata."

"Baba, hao ni panya!"

"Panya wa saluni yako."

Akageuka ukutani. "Matundu ya misumari ya kioo. Nakata. Sakafu hii, ona madoa. Nakata. Rangi imepauka."

"Baba, rangi niliikuta imepauka!"

"Ulipoikuta ulilalamika?"

"Sikulalamika."

"Basi ulipokea ikiwa nzima. Nakata. Na hapa ukutani pana unyevu, plasta imevimba. Hii peke yake ni fundi wa siku nzima. Nakata."

Mimi nacheka. Nilijua anatania. Huyu mzee ana utani, kwenye sherehe zote yeye ndiye anayeshika kipaza sauti.

Akamaliza kuzunguka, akanishika bega.

"Mwanangu, kwa hesabu ya kweli kweli wewe ndiye ungeniongezea. Ila nimekusamehe. Tuachie hapo. Nenda na amani."

Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Baba, laki tatu yote?"

"Yote mwanangu."

"Baba, hayo magunia yalikuwa ya kwako!"

Nikueleze. Wakati wa mavuno alinijia pale saluni. Stoo yake inavuja, akaniomba aweke magunia ya mahindi na ulezi kwenye fremu yangu, wiki moja tu, nyuma ya pazia. Ningemkataliaje? Wiki ikawa miezi. Alikuwa anasubiri bei ipande. Wateja wananyolewa huku wamekunja miguu. Mahindi mengine yaliingia hayajakauka vizuri, ukuta ukanyonya maji. Panya nao wakasikia habari njema, wakahamia.

"Magunia?" akasema. "Kwani magunia yana meno?"

"Ila panya waliyafuata magunia, baba. Kwa kinyozi panya angefuata nini? Nywele?"

"Panya anakula hata sabuni." Akachukua funguo mkononi mwangu. "Nisalimie mzee Polikarp."

Akafunga mlango wa fremu. Mimi nikiwa nje.

Nikaenda kijiwe cha bodaboda kwa mshikaji wangu Meshack. Nikamwaga yote.

"Noma," akasema. "Si uende kwa mwenyekiti wa mtaa?"

"Nimshitaki msimamizi wangu wa kipaimara serikalini?"

"Kwani yeye alivyokukata alikumbuka kipaimara?"

"Baba atanilaani."

"Basi laana na maksai, chagua kimoja." Akawasha pikipiki. "Panda. Kasense nakupeleka bure, maana mwenye matatizo hana nauli."

Kule Kasense nilianza kwa mzee Yonas. Nikamkuta anamsugua yule maksai wa baba mgongoni. Maksai amenenepa, ananawiri. Roho iliniuma kama nimemkuta mchumba wangu kwa mwanaume mwingine.

"Shikamoo mzee Yonas. Naomba uniongezee muda kidogo."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Muda siongezi mimi." Akanyoosha fimbo mawinguni. "Mwenye muda ni yule. Mwombe asinyeshe."

"Mzee Yonas, ni wiki hizi mbili tatu tu."

"Mimi baba yako namheshimu. Ningekuwa simheshimu ningeshamuuza huyu mnadani. Ila mvua ikigusa chini, nafunga nira. Neno ni neno."

Nikaenda kwa baba. Nilidhani atawaka. Hakuwaka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Baltazari kasema hivyo kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, baba."

Akatikisa kichwa. "Baltazari hawezi. Mmeelewana vibaya. Jumamosi ijayo tutakwenda kwenye jumuiya yao ya kanisa, tutalimaliza kikristo. Nitakwenda mwenyewe. Mtoto hamshitaki msimamizi wake bila mzazi kuwepo."

Siku hiyo nayo ilikuwa Jumamosi. Jioni yake, mimi na baba tunaziba ua wa zizi kwa miiba, simu yangu ikaita. Baltazari.

"Mwanangu, uko wapi?"

"Niko nyumbani Kasense baba."

"Vizuri. Kesho tunafunga mchango wa mabati ya kigango. Majina yanasomwa mbele ya watu. Naona wewe haupo. Nikutolee?"

Moyo ukayeyuka. Nikajua mzee ameanza kujuta, anatafuta pa kuanzia. Na kutoleana ni kawaida yetu. Mtu akisafiri mwenzake anamtolea buku, buku mbili, jina lisomwe asionekane mtoro.

"Nitolee baba," nikasema. "Mungu akubariki."

Baba alikuwa ameshika upande wa pili wa mwiba. Akatabasamu. "Unaona? Nilikwambia Baltazari ni mtu."

Jumamosi iliyofuata Meshack akatubeba mishikaki, mimi na baba, mpaka Katandala. Jumuiya ilikuwa uani kwa mama Stefania. Yeye ndiye mwenyekiti, na hela za michango hapo zinapitia kwake.

Kufika tu, watu wakaanza kunipa mkono.

"Hongera kijana!"

"Mungu akuzidishie, Flavian!"

Bibi mmoja akanivuta kichwa akanibusu kwenye utosi. "Vijana wenyewe ndio hawa, si wale wa kamari."

Mimi najibu asante, asante, sielewi asante ya nini. Nikadhani wananipa pole kwa saluni kwa namna yao.

Baltazari akaja kumkumbatia baba. Wakasalimiana Kifipa kirefu, na watoto, na ng'ombe, na mashamba. Baba akaniangalia kwa jicho la kusema, mtu gani huyu wa kukutapeli wewe?

Tukasali. Tukasoma somo. Mama Stefania akafunga Biblia, akasema, "Kuna shauri la mtoto wetu na msimamizi wake. Flavian, sema, ila sema taratibu."

Nikasimama. Nilikuwa nimejipanga nisilie. Nikaeleza dhamana, silingi bodi, panya, unyevu, magunia. Nikaeleza na maksai, baba akainamisha kichwa, maana kuweka maksai rehani si habari ya kutangaza mbele ya watu.

Mama Stefania akamgeukia Baltazari. "Mzee, magunia yalikuwa ya nani?"

"Ya kwangu. Lakini kwa hiari yake. Sikuvunja mlango."

"Yalikaa muda gani?"

"Kidogo."

"Kidogo!" Yule bibi akaruka kwenye mkeka. "Mjukuu wangu alikwenda kunyolewa akarudi na pumba za ulezi kichwani, nikadhani ni mba!"

Ua mzima ukacheka. Hata baba akacheka.

Mzee mwingine akadakia, "Baltazari, wewe mwaka juzi uliweka magunia kwangu, panya mpaka leo wananiita kwa jina."

Wakacheka zaidi. Mimi nikaanza kupumua. Nikamwona maksai wa baba anarudi zizini.

Mama Stefania akanyanyua mkono, kicheko kikatulia. "Mzee Baltazari, matundu ya misumari sawa, kijana atayaziba mwenyewe na saruji kidogo. Hayo mengine ni ya magunia yako. Mrudishie mtoto dhamana yake."

Baltazari hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Akasimama polepole, akavua kofia.

"Mama mwenyekiti, nimekubali. Nimekosa. Nisingemkata mwanangu hata senti. Na kwa kweli sikumkata." Akatazama watu mmoja mmoja. "Ile hela aliitoa mwenyewe. Si mmempongeza wote asubuhi hii?"

"Hela gani?" nikauliza.

"Mwanangu, usione haya. Jumapili jina lako si lilisomwa? Flavian Polikarp, laki tatu, mabati ya kigango. Watu si walipiga vigelegele?"

Yale mahongera yote yakanirudia usoni kama maji ya baridi.

"Mimi sijatoa laki tatu!"

"Nilikupigia simu. Nikakuuliza, nikutolee? Ukanijibuje?"

"Nilijua buku! Buku mbili!"

"Kwani mimi nilitaja buku?"

Mama Stefania akakunja uso. "Subiri kwanza. Baltazari, jumuiya yetu ilikuwa imepungukiwa laki tatu, na wewe ndiye uliyesimama kanisani ukaahidi kuimaliza. Ahadi ilikuwa ya kwako."

"Ahadi ya baba akiitimiza mtoto, imetimia au haijatimia?" Akanishika bega. "Nilimwona mwanangu anahangaika na biashara za dunia, zinaungua. Nikamwekea pasipoungua."

Wengine wakaitikia "amina". Niamini, waliitikia amina.

Nikawa napiga kelele sasa. "Huyu mzee anadanganya! Mimi sikumruhusu! Nimekuja na shahidi, tulikuwa wote siku ile, muulizeni baba yangu!"

Nilitaka baba awaambie nilivyoshangaa. Nilitaka awaambie mtoto wake hana hela ya kugawa. Nilitaka aseme chochote kile, hata uongo.

Mama Stefania akamgeukia. "Mzee Polikarp. Ulikuwepo simu ilipopigwa?"

Baba akasimama. Koti lake la kanisani, lile moja, akalifunga kifungo.

"Nilikuwepo."

"Mtoto alisemaje?"

Baba akaniangalia. Kisha akamwangalia Baltazari, mtu wake wa tangu mafundisho. Kisha akatazama chini.

"Alisema, nitolee baba, Mungu akubariki. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Baba!"

"Ndivyo ulivyosema, Flavian. Nitasemaje sijasikia na nimesikia?"

"Lakini unajua nilimaanisha nini! Baba, unajua!"

"Ulichomaanisha kiko moyoni mwako. Mimi nimeulizwa nilichosikia."

Akakaa.

Jamani. Nimetapeliwa na fundi simu, nimeibiwa redio, nimeunguziwa mashine, na nyote mmesoma humu wiki zilizopita. Hakuna kilichonichoma kama ile sauti ya kiti baba alipokaa.

Na hakuwa amemaliza. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, ila ua ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Kwa hiyo hela ilikuwepo. Siku ile tunaziba ua, hela ya maksai ilikuwepo, na wewe ukamwambia aitoe ili jina lako lisomwe mjini."

"Baba, sikujua ni ile!"

"Mimi zizini nina maksai mmoja. Wewe unapigiwa vigelegele."

Baltazari alikuwa amesimama na kofia yake kifuani, macho yameinama kama mtu anayeomba. Nilimwona pembe ya mdomo. Mzee alikuwa anatabasamu.

Hapo hapo simu ya baba ikaita. Ile simu yake ya kitochi inapiga sauti mtaa wa pili unasikia. Akaipokea mbele ya watu, hajui kuipunguza.

"Polikarp!" Mzee Yonas anaongea kama anaita ng'ombe. "Huku imepiga! Imelowesha mpaka mashamba ya bondeni! Katandala vipi?"

Tukatazama juu wote. Katandala jua linawaka.

"Huku bado," baba akasema.

"Basi huku tayari. Mimi jioni nafunga nira. Usiseme sikukwambia, rafiki yangu."

Simu ikakatika. Baba akaibana mkononi kama anataka kuivunja, halafu akaitia mfukoni taratibu.

Mama Stefania alikuwa na huruma, usoni ilionekana. Lakini shauri la jumuiya lina mwisho wake, na mwisho wake ni mmoja. Mgomvi na mgomvi wanapeana mkono wa amani. Mkishapeana, habari imezikwa. Atakayeifukua tena, iwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa paroko, huyo ndiye mkosaji. Na anayekataa mkono anajitenga mwenyewe na meza ya Bwana, na wazazi wake wanaanza kuangaliwa.

"Wanangu," akasema, "shahidi amesema. Sadaka ikishatolewa hairudishwi. Tupeane amani."

Akaanzisha wimbo. Wakaupokea kwa makofi ya polepole.

Baltazari akanyoosha mkono. "Njoo mwanangu. Baba na mwana hawagombani."

Mkono mnene, msafi. Unanisubiri.

"Mpe," baba akasema bila kunitazama. "Mpe mkono, twende nyumbani."

Nikasogea. Kweli nilisogea. Nilikuwa nimechoka, na baba alikuwa ameshasimama kuondoka, na wimbo ulikuwa unanisukuma mgongoni.

Karibu niuguse ule mkono, nikamsikia yule bibi wa utosi anamnong'oneza mama Stefania. Bibi ni kiziwi kidogo, kunong'ona kwake ni kusema.

"Hizo laki tatu umeshaziandikia stakabadhi?"

"Hazijapita kwangu, bibi. Jumapili alitangaza tu. Alisema atazipeleka mwenyewe moja kwa moja dukani kwenye bati."

Mkono wangu ukasimama hewani.

Michango yote inapita kwa mama Stefania. Yangu haikupita.

Nikaurudisha mkono mfukoni. Makofi yakaanza kupotea moja moja.

"Flavian!" baba akasema.

"Nitampa baba. Nampa sasa hivi." Nikawageukia watu. "Mimi nimetoa bati, si ndiyo? Mmenipongeza wote. Basi kabla sijapeana naye mkono naomba kitu kimoja kidogo. Kigango si hapo tu nyuma ya mashine ya kusaga? Twendeni wote tukazione bati zangu."

Wimbo ukafa.

Mama Stefania akamtazama Baltazari. Yule bibi akaanza kutafuta kandambili zake kwenye mkeka. Watu wawili watatu wakanyanyuka, wakikung'uta nguo.

Baltazari akashusha mkono. Akavaa kofia, akaivua tena. Na kwa mara ya kwanza tangu nipakwe mafuta ya kipaimara, hakuniita mwanangu.

"Wewe kijana," akasema, "unajua unachokitafuta?"

Baba, ambaye alikuwa ameshafika kwenye geti, akageuka.